John Boyd Dunlop: Mganga wa Wanyama Aliyetia Gurudumu Upepo

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, nami nimemchagua mtu ambaye jina lake wengi wenu mmeliona tangu utotoni pasipo kujua kwamba ni jina la mtu. Jina hilo limechapwa ubavuni mwa matairi. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba Dunlop ni mji wa Ulaya. Hakukosea sana, maana huko Uskoti kiko kijiji kiitwacho hivyo, wala si mbali na mahali alipozaliwa mtu wetu. Lakini Dunlop wa matairi alikuwa mtu mwenye ndevu ndefu, mpole, mganga wa farasi na ng'ombe, na hakupata kusomea uhandisi hata siku moja.

John Boyd Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari mwaka 1840 katika shamba moja la kijiji cha Dreghorn, katika jimbo la Ayrshire. Yasemekana alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na kwa sababu hiyo aliamini maisha yake yote kwamba mwili wake ni dhaifu, akajitunza kama mtu aliyebeba mayai. Hata hivyo akaishi miaka 81. Alisomea uganga wa wanyama katika mji wa Edinburgh, akafanya kazi hiyo kwao kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1867 akavuka bahari kwenda Ireland. Huko alianza Downpatrick pamoja na ndugu yake James, halafu akahamia mji mkubwa wa Belfast. Mwaka 1871 alimwoa Margaret Stevenson, wakapata binti mmoja na mwana mmoja.

Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuelezwa sana thamani ya kazi ya namna hiyo. Tangu zama za Wajerumani pale Mpwapwa pamekuwa na kituo cha kuchunguza magonjwa ya mifugo, na ng'ombe wa aina ya Mpwapwa wamelichukua jina la mji huo. Marehemu baba yangu alikuwa bwana mifugo katika wilaya hiyo, na kwa hiyo nilipopata kusoma kwamba mwanzilishi wa tairi la upepo alikuwa mtu wa kazi ile ile, nilimpenda mara moja. Katika Belfast ya siku hizo farasi ndio waliokuwa malori na mabasi ya mji, na mtu aliyejua kuwaponya hakukosa kazi. Ilipofika katikati ya miaka ya 1880, Dunlop alikuwa na mojawapo ya ofisi kubwa za uganga wa wanyama katika Ireland nzima.

Basi Dunlop alikuwa na mwanawe aitwaye Johnny, mtoto wa miaka tisa au kumi, na mtoto huyo alikuwa na baisikeli ya magurudumu matatu. Barabara za Belfast zilitandikwa mawe, na magurudumu ya baisikeli hiyo yalikuwa ya chuma yenye kamba ya mpira mgumu. Yeyote aliyepata kupanda mkokoteni wa punda katika njia ya makorongo aweza kujua mtoto alivyotikiswa. Baba alimtazama mwanawe, kisha akalitazama gurudumu. Kwa kuwa katika kazi yake alizoea kushughulika na vitu vya mpira, mwishoni mwa mwaka 1887 alichukua karatasi nyembamba ya mpira, akaigandisha ikawa bomba, akalizungusha bomba hilo katika ukingo wa kisahani cha ubao, akalifunika kwa kitambaa na kulipigilia misumari, kisha akalijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu.

Nataka tukae kidogo hapa, maana jambo alilofanya baadaye ndilo linalonipendeza kuliko yote. Dunlop hakukimbilia kumwambia mtu. Alichukua gurudumu la chuma la baisikeli ya mtoto, akalisukuma lizunguke katika ua wa nyumba yake. Likaenda, likapepesuka, likaanguka kabla ya kufika mwisho wa ua. Kisha akakisukuma kile kisahani chenye upepo. Kikavuka ua wote, kikagonga mwimo wa lango, kikarudi nyuma. Majaribio ya fizikia mnayofanya katika maabara yetu yana vyombo vingi kuliko hivyo, lakini sidhani kama yana ushahidi ulio wazi zaidi.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Gurudumu gumu likikuta kokoto halina budi kupanda juu yake, pamoja na baisikeli yote na aliyeipanda, na nguvu iliyotumika kupanda hairudi. Gurudumu la upepo hulimeza kokoto. Mpira huingia ndani kidogo pale pale palipoguswa, hewa husukumwa kando, kokoto likipita mpira hurudi, na mhimili wa gurudumu hubaki karibu pale ulipokuwa. Watu wengi hudhani kwamba faida ya upepo ni ulaini wa kukalia tu. Kumbe ni mwendo pia.

Dunlop aliyatia upepo magurudumu mawili ya nyuma ya baisikeli ya Johnny, kisha akatengeneza matairi makubwa zaidi kwa baisikeli ya mtu mzima, na mwaka 1888 akapewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Watu waliyaona matairi yake manene wakacheka. Lakini tarehe 18 Mei mwaka 1889 kijana mmoja aitwaye Willie Hume, nahodha wa chama cha wapanda baisikeli wa Belfast, aliingia mashindanoni na baisikeli yenye matairi hayo, akashinda mbio zote nne za baisikeli za siku hiyo. Kicheko kikaisha. Miongoni mwa walioshindwa na Hume katika siku zile walikuwamo wana wa tajiri mmoja wa Dublin, Harvey Du Cros, na baba yao hakununa. Alimtafuta Dunlop wakaanzisha kampuni.

Mara ikazuka taabu. Dunlop aliarifiwa kwamba hati yake haina nguvu, kwa kuwa Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alikuwa amekwisha kupata hati ya gurudumu la upepo mwaka 1845, miaka arobaini na zaidi nyuma. Thomson aliyajaribu magurudumu yake katika magari ya farasi huko London, nayo yakafanya kazi. Ila wakati huo hapakuwa na baisikeli nyingi wala motokari, mpira ulikuwa ghali, na watu wakayasahau. Thomson alifariki mwaka 1873. Dunlop hakupata kusikia habari zake; wawili hao waliliwaza jambo moja mbalimbali, kila mmoja peke yake.

Tena tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa na upungufu mkubwa. Liligandishwa katika gurudumu, na likitoboka fundi alikuwa na kazi ya kulibandua na kulibandika upya. Mwaka 1890 watu wawili waliondoa taabu hiyo, kila mmoja kwa njia yake. William Bartlett alitengeneza tairi lenye ukingo mnene unaonasa katika midomo ya ringi iliyojikunja. Charles Welch alitia waya usionyooka ndani ya kingo za tairi, na ringi akaichimba shimo katikati ili tairi liweze kuvalishwa upande mmoja baada ya mwingine. Kampuni ya kina Du Cros ilizinunua hati zote mbili, na tairi la waya ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali la kipimo. Tairi lililogandishwa halikuwa na namba ya kumsumbua mtu, maana lilitengenezwa juu ya gurudumu lake. Lakini tairi linalotoka dukani peke yake, likaletwa kwenye gurudumu lililotengenezwa mahali pengine, lazima vipimo vyake viwe sawasawa na vya gurudumu hilo. Wenye pikipiki za zamani tunalijua sana jambo hili, na kwa kuwa wazazi kadhaa wa shule hii hujipatia riziki kwa bodaboda, sitaona haya kuliendea kwa kirefu.

Miongoni mwa majeshi ya Afrika Kusini yaliyopigana katika nchi hii mwaka 1916, hayo yaliyofika Dodoma mwishoni mwa Julai, kulikuwa na kikosi cha wapanda pikipiki. Matairi mengi ya pikipiki za siku hizo yalikuwa ya ukingo wa Bartlett, na namba yake ilisomwa kwa namna tofauti na ya sasa. Tairi lililoandikwa 26 x 2½ lilikuwa na upana wa inchi 2½, lakini ile 26 ilikuwa kipenyo cha tairi zima kutoka nje hadi nje. Toa inchi 2½ mara mbili, utapata ringi ya inchi 21. Baadaye tairi la waya lilipoenea katika pikipiki, namba ya pili ikawa kipenyo cha ringi yenyewe. Kwa hiyo 3.25-19 maana yake ni upana wa inchi 3.25 na ringi ya inchi 19. Asiyejua tofauti hii aweza kununua tairi la pikipiki ya kale likakataa kabisa kuingia.

Baba aliniachia BSA ya miaka ya 1950, na kitabu chake chataka 3.25-19 mbele. Tairi la mbele lilipokwisha, muuzaji mmoja mjini, ambaye sitamtaja, alinishauri nichukue 4.00-19, ati pana zaidi ni imara zaidi, na katika mchanga wa huku litaelea. Nikaenda nyumbani na kalamu. Upana na kimo cha matairi ya namna hiyo hukaribiana, basi lile la 3.25 lina kipenyo cha inchi 19 na 6.5, jumla 25.5. Lile la 4.00 lina inchi 27. Nusu ya tofauti yake ni robo tatu ya inchi, yaani pua ya pikipiki ingepanda karibu milimita 19, na nafasi chini ya madigadi ingepungua kwa kiasi hicho hicho, mahali ambapo tayari hapakupita zaidi ya kidole. Tope la Machi lingejaza pengo hilo, gurudumu likakwama huku pikipiki inakwenda.

Wala si hayo tu. Niliipima ringi kati ya midomo yake, nikapata milimita 47. Tairi pana likivalishwa ringi nyembamba hubanwa miguuni likavimba juu kama andazi. Halikai vizuri chini wakati wa kukata kona, na usukani huwa mzito. Gurudumu la nyuma hubeba mzigo na kusukuma, basi halidhuriki likiwa pana kidogo. La mbele kazi yake ni kuongoza, na karibu nguvu yote ya breki ya ghafula huishia kwake. Tairi la nyuma likipasuka, dereva mwenye bahati aweza kuishika pikipiki mpaka isimame. La mbele likishindwa katika mteremko, mara nyingi hana la kufanya. Katika njia ya Kongwa nimewaona wawili walioanguka hivyo, na mmoja wao hakuinuka.

Lipo na jambo la kimo. Ukiutazama mhimili wa usukani kwa ubavu, mstari wake hugusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapokanyaga. Gurudumu kwa hiyo huvutwa, kama ndama afungwaye kamba, naye ndama hujinyosha mwenyewe nyuma ya anayemvuta. Ndiyo sababu pikipiki hunyoka hata ukilegeza mikono. Ukiweka gurudumu dogo mbele, kamba ya ndama hufupika na usukani huanza kuchezacheza; ukiweka kubwa kupita kiasi, hurefuka na pikipiki haitaki kukata kona. Waliounda pikipiki walikwisha kuipima kamba hiyo.

Matairi mengi ya sasa huandikwa kwa milimita, na hapo wengi huchanganyikiwa. Chukua 90/90-19. Upana ni milimita 90, kimo ni asilimia 90 ya upana huo, yaani milimita 81, na ringi ni inchi 19 au milimita 482.6. Jumlisha kimo mara mbili na ringi: milimita 644.6. Lile la zamani la inchi 25.5 ni milimita 647.7. Tofauti ni milimita tatu tu, basi 90/90-19 laweza kushika nafasi ya 3.25-19, almuradi lipite katikati ya shokapu bila kusugua. Lakini 90/90-18 kamwe haliingii, hata ungelipaka sabuni debe zima, maana ule waya wa Welch haunyooki. Bodaboda nyingi hapa mjini huvaa 2.75 mbele na 3.00 nyuma, mwenye kuzibadili ili afanane na pikipiki ya mashindano na ajiulize anapata nini.

Mimi nilisubiri miezi miwili hadi 3.25-19 lenye mifereji ya kuzunguka, ile ya tairi la mbele, likapatikana Dar es Salaam. Nilitazama mshale wa kuonyesha mzunguko, nikasoma namba nne za mwisho ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka, nijue lilitengenezwa lini, kwa kuwa mpira uliokaa dukani miaka kumi hupasukapasuka hata kama haujagusa ardhi. Mpira wa ndani nilinunua mpya wa kipimo kile kile. Miiba ya migunga haijali vipimo, hilo nakubali.

Turudi kwa Dunlop. Sasa nafika penye habari chungu. Baisikeli zilipoanza kuvaa upepo, na motokari zikafuata, dunia ilitaka mpira kwa njaa isiyo na mfano. Mpira huo ulitoka wapi? Kwanza Brazil, na pia Kongo, ambayo tangu mwaka 1885 ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, yeye mwenyewe. Huko ulikamuliwa mpira wa mwitu kutoka mimea itambaayo juu ya miti, jamaa ya mbungo wetu ambao matunda yake tunayanywa maji. Kila kijiji kilipangiwa kiasi chake. Walioshindwa walichapwa, wake zao walifungwa kama rehani, vijiji vilichomwa moto, na watu walikatwa mikono. Mwaka 1903 Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, mtu aliyezaliwa karibu na Dublin, mji ule ule alioishi Dunlop, alisafiri huko akayaona, na taarifa yake ilipochapishwa mwaka 1904 dunia ilishtuka. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuitoa Kongo mkononi mwake.

Sisemi kwamba Dunlop alitenda hayo. Alikuwa amekwisha kujitoa katika uongozi wa kampuni mwaka 1895, naye alianza yote kwa ajili ya mtoto mmoja na barabara ya mawe. Lakini mwalimu akieleza tairi lilivyoenea duniani na kuacha habari ya Kongo, amewaeleza wanafunzi nusu.

Hata nchi yetu ilivutwa. Wajerumani walipanda maelfu ya miti ya mpira iliyotoka Brazil katika mashamba ya Tanga na Morogoro, bei ikapanda sana yapata mwaka 1910, na mwaka 1913 ikaanguka, kwa kuwa mpira wa Malaya ulikuwa mwingi na rahisi. Mashamba yakaachwa. Mti wenyewe ukabaki, na majani yake ndiyo kisamvu cha mpira kinachopikwa majumbani. Sina shaka kwamba wapishi wengi hawajui kuwa mti huo uliletwa kwa ajili ya matairi.

Dunlop mwenyewe hakutajirika kama watu wanavyodhani. Mwaka 1896 Du Cros aliiuza biashara kwa pauni milioni tatu kwa mtu mmoja aitwaye Hooley, naye Hooley akaiuza tena kwa watu kwa milioni tano. Mvumbuzi alibaki na hisa zake na biashara ya nguo huko Dublin. Kampuni ikaendelea kukua kwa jina lake na kutumia sura yake katika matangazo. Hilo ndilo lililomkasirisha. Matangazo yalichukua kichwa chake chenye ndevu kikakiweka juu ya mwili wa mtu mwingine, mrefu, aliyevaa kofia ndefu na kizibao cheupe, fimbo mkononi, kama mlimbwende wa mjini. Mzee aliyeishi kwa kiasi, asiyependa kujionyesha, alijiona amefanywa kichekesho. Akaipeleka mahakamani kampuni yenye jina lake, akiwa na umri wa karibu miaka themanini, na kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi la Uingereza. Mimi namwunga mkono kabisa. Jina lilikuwa limekwisha kwenda. Sura yake alitaka ibaki yake.

Alifariki nyumbani kwake Dublin tarehe 23 Oktoba mwaka 1921, akazikwa katika makaburi ya Deans Grange. Alikuwa ameandika historia ya tairi la upepo, na binti yake akahakikisha kitabu kimechapishwa mwaka 1924. Miaka mingi baadaye benki moja ya Ireland ya Kaskazini iliichapa picha yake katika noti ya pauni kumi, ndevu zake zote, bila kofia ndefu.